Singo ya Jumamosi Kikwajuni, kwa sisi tusio bi harusi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila ninaponusika. Singo ya mwili mzima, yaani kupakwa na kusuguliwa mchanganyiko wa maua na viungo vya kunukia, ni shilingi 25,000, pamoja na kuogeshwa maji ya moto na kufukizwa udi. Ukitaka kukandwa kabla ya kusingwa unaongeza 10,000. Ukitaka kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, cha kuondokea nacho, bei yake inategemea kama asumini siku hiyo imepatikana au imeadimika. Hina na piko anapaka mkwe wa bibi anayesinga, kwenye ukumbi wa mbele. Hizo sikufanya, kwa hivyo sitazisemea.

Bibi mwenyewe ni wa rika la mama yangu, anakaa Kikwajuni, mjini Unguja, na nje hana kibao. Wateja wanaambiana wenyewe kwa wenyewe. Nilipomwambia nataka kumwandika akakubali, ila jina lake na namba yake nisitie. "Wakija wengi nitafanya vibaya, mwanangu, na mie kufanya vibaya sitaki." Basi naeleza huduma kama nilivyoiona. Anayetaka kweli aulizie kwa wanawake wa mtaa ule, hawatakosa kumwelekeza.

Mie ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, miaka 38, watoto watatu, na mama mkwe mwenye sukari tunayeishi naye Fuoni. Natoka nyumbani asubuhi na mapema, narudi Magharibi inaingia. Jumamosi nafunga hesabu saa saba mchana, na hapo ndipo wenye hisa zao katika Jumamosi yangu wanapojitokeza. Kuna harusi, kuna hitma, kuna mzazi wa kwenda kumpa hongera, kuna mgonjwa kalazwa Mnazi Mmoja, na kuna mchezo wetu wa pesa ambao mie ndiye kijumbe, mkusanyaji na mgawaji, kwa hivyo nikikosa kufika watu hawapati chao. Yote hayo ni mambo ya heri na siyalalamikii. Ila ilifika wakati naingia kuoga usiku nikiwa nimesimama nasinzia, namwaga kata ya maji huku nahesabu mifuko ya saruji.

Singo niliijua kama wanavyoijua wanawake wengi wa hapa: unasingwa unapowekwa ndani kabla ya harusi, asubuhi na jioni, bibi na mashangazi wamekuzunguka, kila mmoja na wasia wake. Baada ya hapo mwili unakuwa wa kuzalia, kubebea na kusimamia foleni. Nilipomwambia shoga yangu nakwenda kusingwa akanitazama: "Kwani unaolewa tena?" Mume wangu naye akauliza, "Kuna nini?" kwa sauti ya mtu anayekumbuka tarehe aliyoisahau. Hakuna kitu. Ndiyo maana nakwenda, kwa sababu hakuna kitu.

Na kama mtu ataniambia kulipia kuogeshwa ni mambo ya kizungu, apite Mji Mkongwe akatazame Hamamni. Yale mabafu yalijengwa enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na yalikuwa ya watu wote wa mji, si ya jumba la mfalme peke yake. Unalipa, unaingia kwenye joto, unasuguliwa, unanyolewa, unatoka umetakata. Kama bafu yalisita kufanya kazi mwaka 1920, na leo mgeni analipa kiingilio kutazama birika kavu. Mji huu ulikuwa na mahali pa mtu wa kawaida kukaa akashughulikiwa mwili wake kabla bibi zetu wengi hawajazaliwa.

Sasa kazi yenyewe. Chumba ni cha uani, chini saruji, juu yake mkeka wa ukili umetandikwa kanga. Pembeni kuna kinu, jiwe la kusagia liwa, kile kijiti cha kunukia, chupa za marashi, na masinia yenye vitu vya singo. Nililolipenda ni kwamba anachanganya mbele ya macho yako. Anakuonyesha: mawaridi makavu, asumini zilizokwisha kugeuka rangi ya kahawia, langilangi, mrehani, mpachori, manjano, mchele uliorowekwa ukatwangwa, na karafuu. Karafuu anatumiwa kutoka Wete. Nikamuuliza kwani za Pemba ni bora kuliko za Unguja? Akasema, "Karafuu zote karafuu, lakini dada yangu yuko Pemba."

Anatwanga, anachekecha, anatia marashi kidogo kidogo mpaka inashikana. Singo iliyokwisha kurowekwa tangu jana yake haitumii, anasema inachacha. Liwa inasagwa peke yake, kijiti kinasuguliwa juu ya jiwe kwa marashi mpaka kinatoa uji mwepesi wa manjano, na huo ni wa uso tu, kwani karafuu hawezi kuipeleka usoni kwa mtu. Kwa hili nampa alama zote. Karafuu ina nguvu; mafuta yake ndiyo yale yanayotumika kutuliza jino linalouma, na ukiyapaka usoni au pahali penye mchubuko utajuta. Aliniuliza kabla hajanigusa: umenyoa leo? Una kidonda? Ngozi yako inawasha kwa kitu chochote? Kisha akanipaka tone la singo ndani ya kiwiko, akaniacha nikae nayo wakati anatwanga. Nimekwenda kwa watu wenye vyeti ukutani ambao hawakuniuliza hata moja katika hayo.

Anaanzia miguuni. Anapaka kwa kiganja kizima, bila haraka, anapanda, mpaka umekuwa wa manjano kila pahali isipokuwa macho. Halafu anakuacha. Kukauka kwake kunachukua muda, ngozi inavutika, joto la karafuu linapanda polepole mgongoni, na huna la kufanya. Simu yangu ililia ndani ya mkoba. Mikono yangu imejaa singo mpaka kwenye kucha. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Baadaye nilikuja kuona ni mtu anauliza risiti ya nondo, na kwa kuwa hakunipata aliuliza mwingine, akapewa.

Ikishakauka anakaa nyuma yako anaanza kusugua. Inatoka vipande vipande, nyuzi nyuzi, na kila inachotoka nacho kinadondoka juu ya kanga, cheusicheusi. Niliona haya. "Usione haya," akasema, "huo ni moshi wa Darajani." Kisha akanyamaza, anasugua. Alipofika mabegani akauliza, "Unalala?" Nikamwambia nalala, bibi. "Wewe unalala. Mabega yako hayalali."

Kuoga ni ndani ya bafu la uani, maji yamechemshwa na mchaichai, anakumiminia kwa kata. Sabuni marufuku mpaka kesho yake. Nilikuwa nimenunua sabuni ya mwani iliyotengenezwa Paje, nzuri tu, nikaambiwa nayo isubiri. Ukitoka unajifunga kanga kavu, unakaa kwenye kigoda, chetezo inawekwa chini, unafukizwa mwili na nywele.

Na hapo kwenye udi ndipo ninapompunguzia alama. Alifunga mlango na dirisha ili moshi usipotee. Chetezo ina mkaa, na mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyonuka. Inaweza kumpumbaza mtu, hata kumuua, na udi unavyonukia huwezi kushtuka mapema. Chumba chenyewe kidogo. Nikamwomba afungue dirisha. "Utakwenda wote kwa jirani," akasema. Nikamwambia jirani naye apate. Akalifungua nusu, lakini itabidi kila anayekwenda aombe mwenyewe, maana desturi yake ni kufunga. Mwenye pumu, au mwenye mimba ambayo harufu zinamchafua, amwambie udi aache kabisa. Hachukii, na hakatai.

La pili ni kungoja. Niliambiwa saa nane, nikaingia saa tisa imeshapita, kwa sababu alikuwepo bi harusi mbele yangu na jamaa zake wote. Bi harusi hapangiwi saa, na sisi wengine tunajazia nafasi zinazobaki. Kwa hivyo msimu wa harusi usiende: Shaaban, na siku za mwanzo baada ya Idi ndogo. Nenda katikati ya msimu wa mvua, utamkuta peke yake na nafasi tele.

La tatu, kukandwa. Msiongeze hiyo 10,000. Mafuta ni mazuri, nazi iliyotiwa tone la mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayotoka kiwandani Wawi kule Pemba, na harufu yake inakaa. Lakini mkandaji si yeye, ni msichana anayemsaidia, ana nguvu na hana subira. Aliyazunguka mabega yangu kama anayekuna nazi wageni wameshafika. Kwa kazi ya kukanda wapo wataalamu, tena wengine wako hospitali kwa kazi hiyo hiyo. Hapa njoo kwa singo.

Nililinganisha pia na huduma ya hoteli, kwa kuwa mwaka jana kazini walinitunza siku kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, na kwenye orodha yao singo imo, bei yake kwa dola. Kitanda kirefu, taulo nyeupe, kiyoyozi, filimbi inalia kutoka ukutani. Singo ililetwa kwenye kibakuli, vijiko viwili hivi, ikapakwa kwa brashi. Hawakukosea adabu na palikuwa safi. Ila muda wote niliwaza taulo zao nyeupe na manjano, na ile baridi ya kiyoyozi inazuia karafuu isifanye kazi yake. Kama ni zawadi ya mtu, pokea. Kwa fedha yangu, hapana.

Matokeo. Ngozi ilikuwa laini siku kadhaa, hasa visigino na viwiko ambavyo mie nilishavisamehe. Harufu ilikaa kwenye nywele mpaka katikati ya wiki. Ndani ya daladala mama mmoja aligeuka akanitazama kidole, anatafuta hina. Kazini vijana wa stoo wakasema leo saruji inanukia harusi. Usiku ule nililala kabla ya Isha kuisha vizuri, na watoto wakaambiwa na baba yao waniache. Maumivu ya mabega yalirudi Jumanne, maana kiti changu cha dukani ni kilekile, mgongo wake umevunjika na kimefungwa kamba. Hilo si kosa la bibi. Nimeandika barua ya kuomba kiti.

Lakini 25,000 ndiyo sehemu nyepesi ya gharama. Nzito ni muda, saa tatu nzima za Jumamosi. Fedha nilizipata kwenye sare za harusi. Wanawake wa hapa wananielewa. Kila harusi ina kitambaa chake, unanunua, unampelekea fundi, unaivaa mara moja, na harusi ijayo kuna rangi nyingine. Kitambaa na mshono wa sare moja ni zaidi ya singo moja, mara nyingine ni singo mbili na nauli. Nilikaa na daftari, kazi yangu ndiyo hiyo, nikajumlisha sare za mwaka mzima, na jumla sitaiandika hapa kwa sababu mume wangu anasoma. Nikaamua: sare nitanunua kwa damu yangu, kwa upande wa mume walio karibu, na kwa jirani wa mlango kwa mlango. Wengine nawapelekea mchango wao mapema, nakwenda kwenye harusi na nguo niliyonayo, nakula pilau yangu na kuwaombea heri. Wifi yangu alinuna. Bado ananuna kidogo. Katika kundi la harusi moja niliulizwa mbele za watu kwa nini jina langu halimo kwenye orodha ya kitambaa, nikajibu sina fungu hilo mwezi huu, na dunia haikusimama. Walionitumia ujumbe wa siri baadaye kuniuliza nimewezaje walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Muda nao niliutafuta: mchezo sikuuacha, ila zamu ya kukusanya Jumamosi nimemgawia mwenzangu, tunapokezana. Na baba watoto amejifunza chakula cha jioni cha mama yake, sukari inapimwa saa ngapi, na uji usiotiwa sukari unapikwaje. Wa kwanza aliuunguza. Mama mkwe aliunywa, akasema afadhali unene kuliko maji.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenishangaza. Nilitarajia maneno. Niliporudi aliushika mkono wangu akaunusa kwa muda, akasema, "Hii mpachori ya kweli. Nipeleke na mie." Nikamwuliza bibi kwanza, na swali lake la mwanzo lilikuwa: ana maradhi gani? Nilipomwambia sukari akasema aje, lakini nyayo hatazisugua, na maji yatakuwa vuguvugu, atayapima yeye kwa mkono wake, si kwa mguu wa mgonjwa. Alikuwa sahihi kabisa. Mwenye sukari ya siku nyingi miguu inaweza kufa ganzi, akaungua au akachubuka asijue, na kidonda kidogo cha mguu kwake ni jambo kubwa. Alimkalisha kwenye kiti badala ya mkekani, akamsinga mikono, mgongo na shingo, miguu akaipaka tu mafuta ya nazi akiitazama kidole kimoja kimoja. Walikuwa wakizungumza habari za Ng'ambo ya zamani, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nani alikaa wapi kabla ya maghorofa ya Michenzani, na mie nimekaa kwenye kigoda kama mtoto aliyesahauliwa, wala sikutaka kukumbukwa.

Ipo singo kavu ya kuchukua nyumbani, chupa ya kiasi cha kikombe kwa 8,000. Nimeinunua. Unatia marashi mwenyewe, au maji ya uvuguvugu kama marashi yamekwisha, unajipaka, unangoja, unasugua. Inafanya kazi, ngozi inatakata. Ila nyumbani hungoji. Nikishapaka mkono mmoja tayari mtoto kagonga mlango, na singo ikinawiwa kabla haijakauka ni uchafu tu wa bafuni. Inunue kwa ajili ya mikono na miguu, siku ambazo huwezi kwenda. Chupa ifunge vizuri na usiiweke bafuni, unyevu unaiozesha; ikianza kunuka kama unga wa zamani itupe.

Usafi: kanga za mkekani zinabadilishwa kila mteja, nimeziona zikianikwa. Bafu ni la kawaida la uani, saruji, limesuguliwa, lakini linateleza mtu ukiwa na mafuta miguuni, na hakuna pa kushikia. Mama mkwe tulimshika wawili. Maji ya mfereji yakikatika anatumia ya pipa, na siku hiyo anapunguza wateja badala ya kupunguza maji.

Kwa wanaokwenda: nafasi inawekwa kwa mkwewe, kwa ujumbe wa sauti, kwani mwenyewe hasomi ujumbe na baada ya Isha simu haishikwi. Ijumaa hafanyi mpaka baada ya Alasiri. Watoto wa kike wanaruhusiwa kukaa ukumbini, ila usimpeleke, utageuka mlezi. Vaa nguo ya ndani ambayo huihurumii, manjano haitoki. Chukua kanga mbili kuukuu, moja ya kuogea na moja ya kurudi nayo ndani ya buibui, na ubebe hela kamili. Chenji hana kamwe, na ukimwachia elfu tano za juu atakutilia kikuba hata kama asumini ni ghali.